Sahani Chini ya Kitanda

Jumapili saa kumi, jua la Kisangani likichoma hadi mbuzi wanagombea kivuli, Zacharie alivaa koti la sufu na kofia ya baridi. Akasimama mbele ya shuka jeupe alilotundika ukutani, akampigia mama yake video.

"Mama, baridi ya Ubelgiji mwaka huu, Yesu wangu!"

"Juu ya nini unatoka jasho?" akauliza Mama Félicité.

"Iko chauffage, mama, mashine ya joto. Huku banawasha sana."

"Na ile kelele?"

"Magari. Autoroute, ile barabara kubwa, iko karibu."

Maporomoko ya Tshopo hayana adabu. Yalizidi kunguruma nyuma ya nyumba.

Ubelgiji alikaa siku kumi na moja tu. Polisi walimkamata stesheni, wakamfungia miezi mitano, kisha wakamrudisha kwa ndege, mikono imefungwa, askari huku na huku kama mwizi wa kuku. Na wala hakuwa ameiba hata kuku!

Kwa safari hiyo, mama yake aliuza mtumbwi na injini ya marehemu mumewe. Mama mwenyewe ana ugonjwa wa tension, presha ya damu. Akisikia mwana amerudi mikono mitupu, si atakufa? Basi Zacharie alijificha chumbani huku komini ya Tshopo, na mama akaendelea kuuza samaki komini jirani ya Makiso, mwendo mfupi wa toleka, baiskeli ya abiria. Alitamani kumwona mama yake hadi kifua kikamuuma, lakini mlangoni hakutoka.

Njaa ingemmaliza, kama si jirani yake Mama Marthe. Kila Jumapili alimletea lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki wa kuchomwa majanini.

"Iko ya paroisse, ya kanisa," alisema. "Wageni wote tunabapatia."

Paroisse hiyo ilijua kupika, bwana! Pilipili kando, chumvi kidogo, vilevile Zacharie alivyopenda tangu utoto.

Shida ilikuwa sahani. Kwao, sahani ya mtu hairudi tupu; utatia hata ndizi mbili. Zacharie hakuwa na hata moja. Hivyo sahani sita zilikuwa zimelala chini ya kitanda, zimeoshwa zikang'aa, na Mama Marthe akipita uani yeye alijifanya amelala. Aibu, jamani!

Jumapili iliyofuata Mama Marthe akaleta sahani nyingine, hakuuliza kitu, akaenda zake. Zacharie akaiweka kitini, nje ya kamera, akavaa koti lake, akapiga simu.

"Mama, leo theluji imefika kwa magoti!"

"Pole, mutoto yangu," akasema Mama Félicité. "Bon, kula kwanza, lituma itapoa. Kisha uniletee sahani zangu, zote saba. Leta tu tupu."