Kopo la Sukari

"Nani kaiba sukari yangu?"

Mama alikuwa anapapasa rafu tupu juu ya jiko, kama kila asubuhi. Binti yake alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Kumsaidia kungeharibu jaribio. Alingoja mpaka mama akageuka, uso umemvimba kwa hasira, ndipo akamwambia:

"Iko kwenye kabati, mama, chini ya dirisha. Nimeihamishia huko."

"Si ungeniambia tangu jana!"

Jana alimwambia. Na juzi pia.

Mvua zilizopita mama alipata homa, ubongo ukavimba, ndugu wakamlia kabla hajafa. Akaamka. Ya zamani yote anayo, hata majirani waliohama anawakumbuka pamoja na matusi yao. Jipya ndilo halikai. Kila siku anamtazama binti yake na kushtuka upya: "Mwanangu, mbona umekonda ghafla?"

Daktari hakuwazungusha. "Hata mtu mzima, ubongo wake huotesha seli changa, hasa pale panaposhika mambo mapya. Uvimbe ukibaki humo, seli hizo hufa kabla hazijakomaa. Sindano hizi zinapoza uvimbe, lakini zinamuumiza figo. Kama hadi mtakaporudi hatakuwa ameshika hata kitu kimoja kipya, tutaacha. Simtesi mtu bure."

"Tukiacha?"

"Atabaki hivi hivi."

Kurudi kwenyewe kulikuwa kesho.

Basi ndiyo habari ya kopo: mama akikumbuka mahali pake papya, atakuwa ameshika kitu kipya. Binti alikuwa mtu wa maabara; kazi yake ilikuwa kuwafundisha panya wenye uvimbe wa ubongo kutafuta chakula kwenye vijia vya mbao. Mama alicheka mpaka machozi alipoisikia mara ya kwanza, kabla ya kuugua, na tangu hapo akamwita Daktari wa Panya. Lakini kazini hakukuwa na mzaha. Kila panya akitoka, vijia vyote vinapigwa spiriti mpaka vinang'aa.

"Panya asiyekumbuka hufuata harufu," aliwagombeza wenzake. "Halafu nyinyi mnapiga makofi!"

Jioni hiyo alirudi hoi. Alijaza kopo la sukari huku anasinzia, nyingine ikamwagika kabatini. Potelea mbali, alisema, nitafuta kesho. Akalala na nguo za kazi, akimwomba Mungu kitu kimoja tu: kesho mama akumbuke.

Asubuhi alimkuta mama ameshatangulia jikoni. Akasimama palepale mlangoni, mkononi kikombe cha chai ya chupa.

Mama hakuigusa rafu. Hakuitazama hata. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akachuchumaa huku magoti yakilia, akafungua kabati na kutoka na kopo.

Chai ilimwagikia binti miguuni, wala hakuihisi. Alichomoa simu.

"Daktari, amelipata! Peke yake! Wallahi sijamwambia neno!"

Upande wa pili daktari alivuta pumzi ndefu, kisha akacheka. "Hongera, dada. Sikutegemea, nakwambia ukweli. Basi sindano zinaendelea, tena tutaongeza kidogo. Mlete leo kama tulivyopanga."

Binti alikaa kwenye kigoda. Analia, anacheka, anajifuta kwa kanga ya mama. Jamani, kumbe miche ya ubongo imeota. Kumbe siku moja ataingia humu na mama hatashtuka.

"Mama," aliuliza, "nani alikuambia sukari iko huko?"

Mama alikuwa anakoroga chai yake kwa raha zake. Aliinua kijiko, akapuliza kitu kidogo cheusi kilichokuwa kinatembea ukingoni.

"Aniambie nani? Daktari wa Panya mzima, huna macho? Sisimizi wamepanga foleni toka mlangoni mpaka kabatini. Nimewafuata tu." Akageuka, akamtazama, akashtuka. "Mwanangu, mbona umekonda ghafla?"