Flashi ya Jirani

Kila asubuhi Mwanahija aliwasha kompyuta ya zahanati na kufungua programu ya kufuatilia dawa aliyoiandika na wenzake wa programu huria, zile za kugawiwa bure. Leo ilimdai nywila.

“Nimeifunga,” alisema mkuu wake, Bwana Kitundu. “Nyie watu wa vya bure mmezidi. Siku hizi zahanati zote zinawatafuta nyie, si sisi wakuu.”

Mlangoni alisimama nesi wa zahanati ya jirani, flashi tupu mkononi, amefuata nakala ya programu. “Kwetu dawa zinapitwa na muda hatujui. Nirudi hivihivi, dada?”

Mwanahija akatoa mkobani kompyuta yake, yenye nakala isiyofungwa, akachomeka flashi.

“Kazi unaitaka, binti?” aliuliza Bwana Kitundu.

“Naitaka, mzee.” Akabonyeza kitufe cha kunakili. “Lakini tuliiandika igawiwe.”