Mawe Yaliyowaka Kulia

Siku moja kwa mwaka, waliowahi kuishi bondeni kabla hapajawa bustani ya kuzuia mafuriko huruhusiwa kurudi. Wanavua viatu getini, mawe ya njia yanatambua nyayo zao, kisha yanawaka moja baada ya jingine hadi ilipokuwa nyumba ya kwanza ya kila mtu.

Kila mwaka Bi Sikudhani alikwenda peke yake. Mwaka huu binti yake, Mwajabu, mwenye miaka thelathini na miwili, aling'ang'ania kumsindikiza.

Mawe ya mama yakawaka kushoto, penye matete. Ya Mwajabu yakawaka kulia, kuelekea darajani.

"Yamekosea haya," Mwajabu akacheka. Akarudi getini, akaanza upya. Kulia tena.

"Mama, si ulinizalia kule kushoto?"

Bi Sikudhani alikuwa amekumbatia viatu vyao wote wawili. "Twende nyumbani, mwanangu. Jua kali."

"Mama!"

"Mwaka ule maji yalizoa kila kitu," mama akasema polepole. "Nilikukuta juu ya godoro, unanyonya kidole. Nikangoja siku tatu mtu aje kukuulizia."

Mwajabu alimtazama kana kwamba anazungumza lugha nyingine. Kisha akageuka. Kule darajani, mawe yake yalipoishia, wazee wawili, bibi na babu, walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Walipoona mwanga unawafikia, yule bibi akasimama.

Mwajabu akamshika mama yake mkono. Hakujua kama anamvuta waende wote, au anamzuia asiondoke.