Bangili ya Sarafina

Kwa sheria mpya, kila mtoto alivaa bangili iliyopeleka taarifa za hasira na huzuni yake ofisi ya kata. Ikiwaka nyekundu mara tatu kwa mwezi, mtoto alichukuliwa akalelewe kwingine. Ya Sarafina, mwenye miaka saba, ilikuwa imeshawaka mara mbili mwezi huo kabla ya bibi yake aliyemlea kufariki.

Mama yake, Tumsifu, alimpa habari za kifo hicho huku akiikodolea macho bangili. Ikabaki kijani.

"Sawa, mama," Sarafina alisema, akaendelea kumenya ndizi.

Tumsifu akaingiwa na hofu, akamshika mabega. "Lia, mwanangu. Wakija, nitapambana nao."

"Nimeshajifunza kutolia."

Tumsifu akamkumbatia, akalia peke yake. Sarafina akampigapiga mgongoni, taratibu, akimhesabia pumzi.