Honi ya Kona ya Mgwashi

Kirikuu ya Mchina, kigari cha mizigo, watu mbele, kabichi nyuma, ilikata kona kwa mwendo ambao kabichi hazikuuzoea. Mbili zikamdondokea mama mmoja mgeni aliyepakata ndoo ya matundadamu.

“We dereva! Unakimbiza kabichi au zinakukimbiza?”

“Samahani, mama. Udongo ulifunga njia, nimechelewa. Kuna mtu hali mpaka asikie honi yangu.”

“Mke?”

“Mama.”

“Loo, mtoto wa mama!” Akacheka peke yake. Abiria wa Mgwashi walikuwa wanaangalia nje.

Kona ya juu, dereva akapiga honi: ndefu moja, kisha fupi fupi. Bonde zima linaijua honi hiyo.

Jirani, Modesta, alimpokea mlangoni. “Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni,” akanong’ona. “Na daktari alishasema, dawa zile bila chakula zitammaliza.”

Ndani, Mama Esteria alikuwa anasonga bada, ugali wa muhogo. Macho yake hayaoni tena, lakini sufuria bado inamtii.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Alen. Mlenda umekungoja mpaka umesinzia.”

“Udongo, mama. Umeziba barabara.”

“Na hayo mafua nayo? Tangu nitoke hospitali unaongea kama chura. Au Mchina alikuuzia gari na kikohozi juu yake?”

Dereva akacheka, akakohoa kidogo. Modesta akageukia ukutani.

Wakala sahani moja. Dereva alikuwa anamsogezea mlenda upande wake, mama anamega, anachovya, anameza, huku akilalamika kwamba chumvi siku hizi haina adabu. Sahani ikabaki nyeupe. Dereva akashusha pumzi. Leo pia amekula.

Akamnawisha mikono, akainuka kuaga. Mama Esteria akamshika kiganja, hakukiachia.

“Kesho njoo na sauti yako mwenyewe, Kristian,” akasema. “Siku ile niliyorudi toka hospitali, nililipapasa kaburi la Alen kwa mikono hii hii. Nikanyamaza tu, mwanangu, nisije nikakosa hata wa kuniita mama.”