Hamu ya Kuazima

Kliniki zilipoanza kugawa vibandiko vya kuazimana hamu ya kula, Mwanaidi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kila asubuhi alibandika kimoja nyuma ya sikio lake na kingine kwa Tunu, bintiye wa miaka miwili, na hamu yake yote ikamhamia mtoto.

Kabla ya hapo Tunu alimtesa. Jana alililia ndizi, leo hataki hata kuiona. Sasa alikula chochote alichokipenda mama yake, mpaka mchicha. Mwanaidi mwenyewe alikula kwa kutazama saa, kama anayemeza dawa.

Lakini wiki hii vurugu zilirudi. Tunu aliutema wali, akaziba pua kwa harufu ya vitunguu, akanyonya ndimu na maganda yake.

"Kwani unataka nini, mama?" Mwanaidi alimuuliza bintiye, amechoka hata kukasirika.

Tunu alishuka kitini, akaenda kwenye kopo la maua, akachota kwa vidole.

"Udongo," akasema, akitafuna.

Mwanaidi alikaa chini taratibu. Hamu hiyo aliijua. Mara ya mwisho ilimjia akiwa na mimba ya Tunu.