Kiingereza cha Mfaume

Haya, nakutegea: alikuja kutoka Ulaya bila meli wala tiketi, akahamia kinywani mwa mtu wa Temeke. Nani huyo? Huna? Basi nipe mji. Tanga? Naichukua, na ukiitaka tena uje na haluwa. Jibu ni Kiingereza.

Kinywa chenyewe kilikuwa cha Mfaume. Zama hizo za Mwingereza alikuwa mpishi wa Bwana Kosta, mzungu mmoja wa Kurasini. Kabla ya hapo aliosha vyombo hotelini. Kila Ijumaa alirudi Temeke na msemo mpya wa kizungu, na baraza zima lilikuwa likimngoja.

"Leo umetuletea nini, Mfaume?"

"'Huyu si kikombe changu cha chai.' Maana yake, mgeni huyu msimpe sukari."

Ijumaa nyingine akaja na "mvua ya paka na mbwa," yaani siku mke mwenza anapohamia nyumba moja na mwenzake. Bi Mwamvita, aliyeolewa uke wenza, akasema hao Waingereza kumbe ni watu wazima.

Lakini Mzee Kondo, kakaye Bi Mwamvita, aliupenda kuliko yote ule wa "piga ndoo teke." Mfaume alisema maana yake ni "pumzika, kazi imekwisha."

Mzee Kondo alikuwa na binti, Mwanaheri, na alikwisha apa: mkwe wake sharti ajue Kiingereza, maana alichoka kusimama bomani huku wakalimani wakimchezea. Mfaume alikwisha leta posa. Mwanaheri mwenyewe alimtaka hivyo hivyo, hata angekuwa bubu.

Siku moja Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa boma, akapita kukagua mitaro, jua kali, jasho linamtiririka. Mzee Kondo akamwonea huruma. Akaweka mkono kifuani, akamwambia kwa Kiingereza, "Bwana mkubwa, piga ndoo teke!"

Bwana Shauri akaiva kama nyanya, akaondoka bila kuaga.

Salumu, karani wa bandarini, ambaye pia alikuwa akimmezea mate Mwanaheri, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mzee, umemwambia afe!"

Jioni Mfaume akaitwa.

"Wee kijana, Kiingereza unakijua au hukijui? Kama hukijui, Mwanaheri namwoza Salumu."

"Baba, neno langu peke yake halitoshi. Nitamleta Bwana Kosta mwenyewe awe mshenga wangu. Muulizeni yeye."

Ijumaa iliyofuata Bwana Kosta akapiga hodi, akavua viatu bila kuambiwa, akaketi mkekani. Chai aliisukuma kando, akaomba kahawa. Salumu hakungoja. Akajipenyeza mbele, akamwaga Kiingereza kirefu cha ofisini, jasho likamtoka.

Bwana Kosta alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamgusa bega, akamsogezea mto aegemee, akamwambia kwa Kiingereza, "Piga ndoo teke!"

Baraza likalipuka. Bi Mwamvita akapiga vigelegele. "Umemsikia mwenye lugha, Salumu? Nenda kabishane naye!" Salumu akawa anatafuta viatu vyake.

Moyo wa Mzee Kondo ukatua. Mzungu mzima ametamka, tena na mto juu! Lakini binti ni binti, na baba hamtoi mwanawe kwa vigelegele. Akajikohoza, watu wakanyamaza.

"Bwana, niambie na mie nipate usingizi. Huyu kijana Kiingereza anakijua kweli?"

Mfaume akainamisha kichwa, akaanza kuchokonoa ukindu wa mkeka.

Bwana Kosta akaweka kikombe chini, uso umemchanua kwa fahari.

"Anakijua mno, mzee wangu! Mie Mgiriki, nimekuja huku sijui hata neno moja. Kiingereza changu chote kanifundisha yeye."